Muvi za zamani za Hollywood zisizo na rangi: uanze na 12 Angry Men, Casablanca, Psycho au nyingine?

Kila nikimwambia mtu aangalie muvi ya Hollywood ya zamani, zile za nyeusi na nyeupe, jibu ni lile lile, "aah hizo zinaboa, hazina hata rangi". Mi kiukweli siamini kama shida ni rangi. Nimeshawawekea watu wa kila aina pale sebuleni, mdogo wangu wa kike ambaye maisha yake ni tamthilia za Kikorea, shemeji yangu anayetaka ngumi na bunduki tu, mama yangu ambaye Kiingereza anakidaka kidogo kidogo, na nimeona kwa macho yangu mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye moja ndo huyo huyo aliyekesha mpaka saa saba usiku kwenye nyingine, na zote mbili hazina rangi hata tone. Kinachoamua ni ile ya kwanza kuwekewa. Ukianza na isiyo yako hurudi tena, na hapo umejinyima kitu kizuri sana.

Nianze na ambayo usianze nayo. Citizen Kane, ya 1941. Mtu akitafuta muvi bora ya muda wote hiyo ndo anakutana nayo, maana kuanzia 1962 mpaka 2002, kila baada ya miaka 10 jarida la Sight and Sound la Uingereza likiwauliza wahakiki, hiyo ndo ilikuwa inashika namba moja, mara tano mfululizo. Na mimi nikawawekea watu nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Stori inaruka mbele na nyuma, tajiri kashakufa, mwandishi wa habari anazunguka kuuliza watu alikuwa mtu wa namna gani, na mgeni hapati wa kumshika moyoni. Dakika ya 40 kila mtu yuko na simu yake. Muvi ni kubwa kweli, nitairudia huko chini, ila ukubwa wake unauona ukishazoea nyingine.

Kwa mgeni mbili ndo zinashindana hasa, 12 Angry Men ya 1957 na Casablanca ya 1942.

12 Angry Men ina dakika 96, na ukitoa kama dakika tatu hivi, yote inatokea kwenye chumba kimoja cha mahakama na choo cha pembeni yake. Ukimwelezea mtu hivyo anakataa hapo hapo. Usimwelezee hivyo. Mwelezee kesi: kijana wa miaka 18 anashtakiwa kumuua baba yake kwa kisu, wanaume 12 wamefungiwa chumbani waamue, akionekana ana hatia anauawa kwa kiti cha umeme, wanapiga kura ya kwanza na 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hapana, tuongee kwanza. Halafu kabla hujaiwasha waeleze kitu kimoja ambacho sisi huku hatunacho, kwamba Marekani kesi kama hiyo inaamuliwa na raia wa kawaida na lazima wote 12 wakubaliane. Kwetu jaji ndo mwenye neno la mwisho, hata pale walipokaa wazee wa baraza maoni yao hayakuwa yanamfunga jaji. Nisingemwelezea mama hilo angekaa robo saa anauliza hawa ni mawakili au ni nani, na kwa nini jaji katoka.

Shemeji alikaa nayo kwa sababu nilimlazimisha. Kuna mahali wanaletewa kile kisu cha ushahidi, kisu cha kufyatua, na wanaambiwa ni cha aina yake, muuzaji mwenyewe hajawahi kuona kingine kama hicho. Wanakipigilia mezani kikasimama. Yule mmoja aliyekataa, Henry Fonda, anaingiza mkono mfukoni polepole, anatoa kisu kingine kinachofanana nacho kabisa, anakifyatua, anakichoma mezani pembeni ya kile cha kwanza. Shemeji alinyanyuka kwenye kochi. Hamna aliyepigwa, hamna risasi, watu wamekaa na mashati ya jasho, na mtu wa ngumi na bunduki kanyanyuka. Kuanzia hapo akawa anabishana na wale wazee kwenye TV kama wako kibarazani.

Na kuna kitu alikisema karibu na mwisho kimenikaa mpaka leo, akasema "mbona kale kachumba ni kama kanapungua?" Hakuwa amesoma popote. Kumbe ni kweli, mwongozaji Sidney Lumet, na hiyo ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema, alianza na kamera juu kidogo ya macho ya watu, katikati akaishusha usawa wa macho, mwisho akaiweka chini kabisa mpaka dari likaanza kuonekana, na huku anabadilisha lenzi kuwa ndefu zaidi na zaidi ili kuta ziwasogelee. Feni haifanyi kazi, joto kali, baadaye mvua inashuka. Mtu wa Dar aliyepitia Februari umeme umekatika hahitaji kutafsiriwa hilo.

Ubaya wake upo. Ni maneno mwanzo mwisho, kwa hiyo kama Kiingereza cha mtu ni cha shida lazima maandishi ya chini yawepo au akae na mtu wa kumtafsiria. Mpwa wangu alifanya hiyo kazi kwa mama, akawa anasimulia kwa mtindo wa Lufufu kama tulivyokuwa tunasikia kwenye vibanda umiza, na ikakubali vizuri tu. Kingine, mdogo wangu aliona dakika ya kwanza kwamba chumba kizima ni wanaume na wote wazungu, akauliza mbona hivyo. Ni swali la haki, na mi naona ni vizuri liulizwe kwa sauti na muvi iendelee.

Sasa Casablanca, dakika 102. Humphrey Bogart ana baa yake Casablanca, ni Desemba 1941, mji umejaa watu waliokimbia Wanazi Ulaya na kila mmoja anatafuta karatasi za kuondokea kwenda Lisbon na kutoka hapo Marekani. Mwanamke aliyewahi kumvunja moyo anaingia kwenye baa hiyo hiyo akiwa na mume wake. Ukimwonyesha mtu aliyewahi kukaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma anasubiri karatasi mwaka hadi mwaka ataielewa haraka kuliko mhakiki yeyote.

Shida yake ni mwanzo. Ramani, sauti inasimulia, majina yanapita, maafisa wa Kifaransa, maafisa wa Kijerumani, mwizi wa mifukoni, mtu kapigwa risasi, na yule mwanamke mwenyewe, Ingrid Bergman, haingii mpaka karibu nusu saa. Hapo ndo wengi wanaachia. Mi siku hizi namwambia mtu kabisa, nipe nusu saa, kumbuka vitu viwili tu, kuna karatasi mbili za kusafiria zimeibiwa na huyu mwenye baa ndo anazo. Mengine yatakuja yenyewe.

Halafu inakuja ile sehemu ya wimbo. Maafisa wa Kijerumani wamekaa kwenye piano wanaimba wimbo wao kwa kujitapa, mume wa yule mwanamke anaiendea bendi na kuwaambia pigeni wimbo wa taifa wa Ufaransa, bendi inamwangalia mwenye baa, mwenye baa anatikisa kichwa kidogo sana kuwakubalia. Baa nzima inasimama. Kuna binti anaimba machozi yanamtiririka, anaitwa Madeleine Lebeau, na yale machozi ukijua historia yake unayaangalia tofauti, maana yeye na mume wake Marcel Dalio walikimbia Ufaransa 1940 Wajerumani walipoingia, na Dalio yumo humo humo kwenye muvi anaendesha meza ya kamari. Hata yule anayecheza meja wa Kinazi, Conrad Veidt, alikuwa Mjerumani aliyeikimbia nchi yake Hitler alipoingia madarakani, mke wake alikuwa Myahudi. Vita ilikuwa inaendelea wakati wanapiga ile picha, hamna aliyejua nani atashinda. Mdogo wangu hakuwa anajua lolote kati ya hayo na bado alilia, nilivyomwambia baadaye akarudisha nyuma akaangalia tena ile sehemu peke yake.

Kuna kinachoniuma kwenye Casablanca na siwezi kukificha. Stori iko Morocco, Afrika hii hii, ila imepigiwa studio kule Burbank, California, na Wamorocco wenyewe ni mapambo tu ya mtaani, ni nadra hata kumsikia mmoja anaongea. Na Sam, mpiga piano, Dooley Wilson, yule mama mzungu anamuulizia kwa neno la kuitia mvulana. Mtu mzima aliyepita miaka 50, na aliyemwita hivyo ana miaka 20 na kitu. Mama yangu alikunja uso pale pale, hakuhitaji tafsiri. Mtu mweusi anayeangalia Hollywood ya miaka ile atakutana na hili mara nyingi, na kwenye muvi nyingine ni baya zaidi ya hapo sana, kwa hiyo ni bora ujue mapema ili lisikukute umejiachia. Sam angalau ana heshima yake mule ndani, ni rafiki wa kweli wa yule bosi, na sauti yake ndo inabeba muvi nzima.

Kwa hiyo hapo uamuzi wangu ni huu. Kama mnaangalia watu wengi, wanaume kwa wanawake, wabishi, anzeni na 12 Angry Men. Kama uko na mwenza wako au ni mtu wa tamthilia za mapenzi yenye kujinyima, weka Casablanca ila mtoe hofu ya nusu saa ya kwanza. Ukinilazimisha kuchagua moja tu kwa mtu nisiyemjua kabisa nitampa 12 Angry Men, maana haimhitaji kujua chochote kuhusu vita wala miaka ile.

Kuna watu lakini hawataki yote hayo, wanataka presha. Hao wana Psycho ya 1960 (dakika 109) na Double Indemnity ya 1944 (dakika 107), na hapa kuna jambo la kwetu linaingia. Sisi tumekulia kwenye kanuni ya "steringi hafi". Unajua kabisa atapigwa, atatupwa mtoni, ila mwisho atarudi kumalizana na adui. Hizi muvi zinacheza na kanuni hiyo vibaya sana. Double Indemnity inaanza na steringi anaingia ofisini usiku na jeraha la risasi begani, anakaa kwenye mashine ya kurekodi sauti na kukiri kila kitu, nimeua, nimeua kwa ajili ya hela na mwanamke, hela sikupata na mwanamke sikupata. Hiyo ni dakika za mwanzo. Sasa unabaki kuangalia ilikuwaje. Ni mtu wa bima, anamkatia mtu bima ya ajali bila mwenyewe kujua, na kuna aina za ajali ambazo kampuni inalipa mara mbili. Shemeji alisema hapa kwetu watu wa namna hiyo wapo, akaifuatilia mpaka mwisho.

Psycho sisemi kitu kuhusu stori yake zaidi ya mwanzo, kwamba dada mmoja mfanyakazi wa ofisini kapewa dola 40,000 azipeleke benki na yeye akaondoka nazo. Mwongozaji wake, Hitchcock, mwenyewe aliagiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza, na nawe heshimu hivyo hivyo, mtu akichelewa mwanzo aisubiri siku nyingine, na usisome chochote mtandaoni kabla. Kuna trafiki anamsogelea yule dada kwenye dirisha la gari, miwani meusi, uso umejaa skrini nzima, anauliza maswali ya kawaida kabisa kwa upole. Hela ziko kwenye pochi. Kila mtu sebuleni aliyewahi kusimamishwa barabarani alikuwa anapumua juu juu, na wote tulikuwa upande wa mwizi.

Na kwa wanaosema hazina rangi kwa sababu teknolojia haikuwepo, Psycho ndo jibu. Rangi ilikuwepo, Hitchcock mwaka mmoja nyuma yake alikuwa katoa muvi ya rangi. Hii aliamua iwe hivi, kwanza ili itoke kwa bei rahisi, akaipiga na timu ya kipindi chake cha televisheni, na pili kwa sababu ile damu ikiwa nyekundu ingekuwa imezidi. Unachokiona kinatiririka ni chokoleti ya majimaji. Muziki wake wote ni vyombo vya nyuzi tu, vinakukwaruza mishipa. Kati ya hizi mbili, kijana wa leo anayependa muvi za kutisha atakamatwa na Psycho zaidi, ila mtu wa kesi za polisi na mitego ya kihalifu mpe Double Indemnity, halafu mwambie aangalie vile vivuli vya mapazia ya mbao vinavyoangukia watu kwa mistari kama nondo za jela wakati hata kosa bado halijafanyika.

Kucheka je? Upande huo nitapita haraka, kwa sababu chaguo ni rahisi. Kama kuna watoto au watu wasiojua Kiingereza weka Modern Times ya Charlie Chaplin, 1936, dakika 87, karibu yote haina maongezi. Kuna mashine ya kulisha wafanyakazi ili wasipoteze muda wa chakula cha mchana, inamzungushia Chaplin hindi mdomoni, mara mashine inapata hitilafu na hindi linazunguka kwa kasi kama bomba la kuchorongea visima. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kama ni watu wazima wanaoweza kufuata maongezi basi Some Like It Hot ya 1959, Marilyn Monroe na wanamuziki wawili wanaume waliovaa gauni ili majambazi wasiwatambue, dakika 121. Hii nayo rangi iliachwa makusudi, walipofanya majaribio ile mekapu ya wale wanaume ilionekana ya kijani kijani. Kuna nyingine inasifiwa sana, His Girl Friday ya 1940, na mimi naipenda mno, ila usimpe mgeni, wanaongea kwa kasi na wote kwa pamoja, maandishi ya chini yenyewe yanashindwa kukimbizana nao.

Kitu kimoja kinachowapendeza sana watu wa familia, na hakisemwi: hizi nyingi unaangalia na mama mkwe bila mtu kuitafuta rimoti. Studio zilikuwa na kanuni zao za maadili, zikaanza kusimamiwa kwa nguvu 1934 mpaka zikafutwa 1968, kwa hiyo mapenzi yote yapo kwenye macho na maneno. Psycho ndo ina sehemu ambazo sio za watoto.

Sasa kuna swali la original au iliyopakwa rangi. Zipo, miaka ya 80 kampuni ya Ted Turner ilipaka rangi muvi nyingi, Casablanca yenyewe ilipakwa 1988, na siku hizi mtandaoni kuna vipande vimepakwa kwa AI. Nilijaribu kumwekea mdogo wangu kipande cha rangi nikidhani kitamvuta. Alisema watu wanaonekana kama wamepakwa poda, akaomba ile nyingine. Na sababu inaeleweka, wale mafundi walipanga taa zao kwa ajili ya weusi na weupe, uso wa Bergman pale unang'aa kwa sababu taa imewekwa hivyo, ukimwaga rangi juu yake ile kazi yote inafifia. Chagua original. Hapo sioni haja ya kubishana.

TV yako nayo iangalie. Kuna settingi inayolainisha picha, watengenezaji wanaiita majina tofauti, inafanya watu watembee kama kwenye kamera ya harusi, izime kabisa. Na ile picha ikija na weusi kushoto na kulia usiivute ijae skrini, muvi nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 50 zilipigwa karibu mraba, ukivuta sura zinakuwa pana na vichwa vinakatwa. Taa zima. Kwenye simu unaweza, bando lenyewe haliendi sana, ila Double Indemnity juani kwenye daladala hutoona chochote, ile ni giza na mistari ya mwanga.

Citizen Kane niliirudisha baada ya muvi kama sita hivi, watu wale wale, sebule ile ile. Kuna sehemu mama wa yule tajiri, enzi hizo ni maskini, yuko mezani anasaini karatasi za kumtoa mtoto wake akalelewe na watu wa benki. Mara ya kwanza tuliiona na hatukuiona. Mara hii mama yangu akanyoosha kidole kwenye TV, akasema "angalieni dirishani". Huko nyuma kabisa, mbali, nje kwenye theluji, mtoto yuko anacheza peke yake, anaonekana wazi kama wale walio mezani, anapiga kelele za mchezo wake, na hajui kalamu inaandika nini.